Mama Nakala na Kesi ya Vumbi la Risasi

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nakala, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, na msichana wa kwanza. Marehemu baba yetu alikuwa fundi viatu. Marehemu mama yetu alifua mashuka ya hospitali, na nyumbani alikuwa na amri moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mgeni hakanyagi sakafu ambayo haijapigwa deki. Hata mganga wa zahanati alipokuja kumtazama baba amelala hoi, alisubirishwa mlangoni na mkoba wake mpaka sakafu ikakauka. Dada yetu alikua ndani ya amri hiyo, na iliingia mwilini mwake.

Alipoona hali yake si nzuri aliniambia mimi, mdogo wake wa mwisho, kwamba wasifu huu niuandike na niusome mimi. Nikamwambia, "Dada, mimi nimeishia darasa la saba, na mbele za watu sauti hainitoki." Akasema, "Ndiyo maana nakutuma wewe. Hutaongeza chumvi. Weka tarehe, weka ukweli, kaa chini." Kwa hiyo nitafanya hivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule ya msingi iliyopakana na soko, na alimaliza darasa la saba mwaka 1972 akiwa wa tatu katika shule nzima. Mwaka 1973 aliingia sekondari. Tarehe 27 Agosti 1974 baba yetu alifariki kwa ugonjwa wa kifua, dada akiwa kidato cha pili. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mwenyewe kumwomba mama asimwachishe shule. Mama alimgeukia dada. Dada akasema, "Mwalimu, nikirudi mimi, hawa watatu wadogo watakaa nyumbani." Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Mwaka uliofuata alisoma kupiga chapa kwa miezi tisa, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kuwa nyumbani hatukuwa na mashine, alichora herufi zote juu ya mfuniko wa boksi la viatu aliloliacha baba, akawa anapiga vidole juu ya kadibodi jioni nzima. Kaka yetu mkubwa alikuwa akimtania, "Mpiga chapa, barua yangu ya kazi imeisha?" Naye bila kuinua kichwa anajibu, "Imeisha. Umekataliwa."

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa na wakili mmoja aliyekuwa na ofisi ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Alikaa pale miaka ishirini na miwili. Kila alichopiga alikitoa mara tatu kwa karatasi ya kaboni: moja ya mahakama, moja ya wakili, moja ya mwenye shida. Mwaka 1987 faili la mjane mmoja lilipotea mahakamani, karani wa masjala akamwambia yule mama arudi nyumbani kwa sababu kesi yake haionekani. Dada alishuka ngazi na nakala yenye mhuri, akaiweka mbele ya karani, akamwambia, "Sasa inaonekana?" Tangu siku hiyo jina lake lilikuwa ni Mama Nakala, hata kabla hajawa mama wa mtu, na swali lake kwa kila mtu lilikuwa moja: "Nakala iko wapi?" Aliwauliza wauza redio, aliwauliza wachumba wa wadogo zake. Wakili alipofariki mwaka 1998 familia yake ilimpa dada ile mashine. Akaweka meza yake chini ya kibanda cha mabati karibu na lango la mahakama, akawa anawaandikia watu barua na maombi.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu, fundi cherehani. Shemeji alifika ofisini kama mteja, akasema anataka kuandikiwa barua ya posa kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Dada akapiga barua yote, maneno mazuri tu, mpaka mwisho. Akauliza, "Anwani niweke ya nani?" Shemeji akasema, "Weka kwa Baba Mkubwa wa mpiga chapa wa ofisi hii." Dada aliitoa ile karatasi kwenye mashine, akaitazama, akasema, "Tarehe umekosea. Rudi kesho." Akarudi kesho. Walipata watoto wawili. Shemeji alifariki tarehe 5 Aprili 2009, na dada hakuolewa tena.

Mwaka 2004 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari katika mtaa wetu, ukuta wake ukiwa hatua ishirini kutoka nyumba ya kwanza. Tulifurahi. Mimi nilipata kazi mwezi wa kwanza. Tulipasua betri kwa shoka, tukamwaga maji yake kwenye mfereji, tukatoa vipande vya madini ya risasi vilivyokuwa ndani na kuvipeleka tanurini. Moshi ulishuka kwenye paa na kwenye nguo zilizoanikwa. Hapakuwa na mahali pa kuoga. Tulirudi nyumbani na ovaroli zetu zikiwa na vumbi la kijivu, watoto wakaturukia mlangoni kama watoto wanavyowarukia baba zao.

Kuanzia mwaka 2011 watoto wa mtaa walianza kuumwa. Tumbo liliwabana, walitapika, walikosa choo siku tano. Mtoto aliyekuwa akihesabu mpaka ishirini alirudi akaishia sita. Wengine walipata degedege bila homa. Tulisema ni minyoo, tukasema ni uchawi, na wako waliohama kwa sababu ya kusingiziana. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyetuma damu ya watoto wanne kwenye maabara ya mbali, na jibu lilirudi kwamba damu yao ina risasi.

Mmoja wa wale wanne alikuwa binti yangu. Alizaliwa mwaka 2010. Alifariki tarehe 22 Agosti 2014 akiwa na miaka minne. Alilala kwenye godoro dogo nyuma ya mlango, na juu ya godoro hilo palikuwa na msumari ambapo kila jioni nilitundika ovaroli yangu. Sitasema zaidi ya hapo. Mimi na mke wangu tulifunga ile nyumba siku tuliyomzika, tukahamia kwa dada, na hatukurudi hata kuchukua sufuria.

Wiki mbili baada ya mazishi hayo dada aliihamisha meza yake kutoka lango la mahakama na kuileta mtaani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Akaandika mlangoni kwa kalamu nene: MSAADA WA SHERIA KWA WAZAZI. Hakuwa wakili, na alilisema hilo kwa kila aliyeingia. Kazi yake ilikuwa kuandika: mtoto alizaliwa lini, alikaa nyumba ipi, aliumwa lini, damu ilipimwa lini. Alikusanya kadi za kliniki na kuzitolea nakala. Akapata wakili, mwanamke kijana kutoka shirika la msaada wa sheria, ambaye alikubali kuibeba kesi bila malipo. Nyote mnamfahamu, yuko hapa. Alipoliona faili la kwanza aliuliza, "Mama, hii nani ameipanga?" Dada akasema, "Kwani ina kasoro?" Wakili akasema, "Haina. Ndiyo nashangaa."

Kesi ilifunguliwa tarehe 8 Septemba 2015 kwa niaba ya watoto sitini na mmoja. Binti yangu hakuwemo. Dada alimwacha nje makusudi. Alijua kwamba tukimweka, upande wa kiwanda utasema baba mwenyewe ndiye aliyeleta sumu, na aliona mimi sitaweza kusimama nikaambiwa hivyo. Madai yalikuwa mawili: kiwanda kigharamie matibabu na uangalizi wa watoto hawa mpaka wawe watu wazima, na kiondoe udongo wenye sumu. Daktari alikuwa ametueleza bila kuficha. Kilichopotea kichwani mwa mtoto hakirudi. Lakini risasi hukaa kwenye mifupa ikirudi kwenye damu kidogo kidogo, na mtoto asipoangaliwa na kupewa dawa kiwango kinapopanda, figo zinakwisha, degedege zinarudi. Hicho ndicho kilikuwa kinagombewa.

Kiwanda kilikuwa kimezima tanuri zake mwezi wa Machi mwaka huo huo. Wanasheria wake wakasema risasi iliyo kwenye damu inaweza kuwa imetoka popote, kwenye rangi au kwenye vyombo. Jaji akaamuru mtaalamu wa maabara aje apime vumbi ndani ya nyumba za watoto. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumanne tarehe 21 Februari 2017. Dada aliwatangazia akina mama wote pale bombani wiki moja kabla, kwamba Jumanne watakuja wageni kutoka mahakamani.

Sasa ndugu zangu, ninyi mnajua kilichotokea, lakini aliniagiza niseme ukweli.

Kuanzia Jumamosi mtaa mzima ulifua. Mapazia yalishushwa. Madirisha yalisuguliwa kwa brashi, magodoro yalitolewa juani yakapigwa fimbo, na yuko mama mmoja aliyepaka chokaa ukuta mzima wa sebule. Walioishiwa sabuni waliazimana. Jumatatu asubuhi dada alipita kwa bibi muuza mkaa, mlezi wa wajukuu wawili waliokuwemo kwenye kesi. Akamkuta amekaa kizingitini analia.

"Bibi, kulikoni?"

"Wageni wa serikali wanikute na masizi haya? Mgongo haunyooki, mwanangu. Nitajificha wapi uso?"

Dada yetu alikunja mikono ya gauni, akachukua ndoo. Alifuta juu ya kabati, alifuta fremu za madirisha, alipiga deki mpaka chini ya kitanda. Mwenyewe alisema baadaye kwamba akili yake siku hiyo haikuwa ya mahakamani, ilikuwa ya kwa mama yetu.

Mtaalamu alipofika Jumanne na vitambaa vyake vyeupe vya kufutia, aliingia nyumba ya kwanza, akaingia ya pili, na kwenye nyumba ya chokaa akasimama. "Mama, hapa kuna harusi?" Yule mama akasema, "Hapana mwanangu, ni ninyi tu. Karibuni." Alipima nyumba kumi na mbili. Vitambaa vilitoka vyeupe kama vilivyoingia.

Majibu yalisomwa mahakamani tarehe 1 Machi. Mwanasheria wa kiwanda alisimama akasema, "Mheshimiwa Jaji, nyumba hizi ni safi kuliko hospitali. Watoto hawa wamepatia wapi risasi?" Kuna watu walicheka. Jaji alitoa siku thelathini kwa upande wetu kuleta kipimo kingine, la sivyo angetupilia mbali madai. Na tanuri zilikuwa zimezima miaka miwili, hakuna vumbi jipya la kushuka.

Nje ya mahakama wakili wetu alimshika dada mkono. "Mama Nakala, niambie kweli. Walisafisha?"

"Walisafisha."

"Wewe ulijua?"

"Nilishika ndoo."

Wakili alikaa kwenye ngazi, pale pale, na joho lake. Dada akakaa kando yake. Nilikuwa nimesimama karibu. Kisha dada akasema, "Iko nyumba moja haijafagiliwa." Akaniangalia.

Siku hiyo hakuniomba kitu. Alikuja kesho yake kazini kwangu. Nilikuwa nimeshapata kazi ya kulinda lango la shule. Alisimama upande wa pili wa lango, tukazungumza tukiwa tumetenganishwa na nondo.

"Mdogo wangu, ukikataa sitakulaumu, na sitakuuliza tena."

"Mke wangu je?"

"Nimeanza kwake. Amesema amekuachia wewe, lakini ukikubali, mlango ataufungua yeye."

"Amesema hivyo?"

"Aliniambia, 'Wifi, chumba kile bado kina nguo zake.' Nikamwambia nguo hazitaguswa."

Nilimwuliza nikiulizwa nani aliyeleta vumbi ndani nijibu nini. Akasema, "Utajibu ukweli. Usiongeze neno, usipunguze."

Nyumba ilifunguliwa Jumatatu tarehe 6 Machi 2017 mbele ya mtaalamu, karani wa mahakama na mawakili wa pande zote mbili. Mke wangu alizungusha ufunguo. Ovaroli ilikuwa msumarini. Godoro lilikuwa chini yake, na viatu vyake vidogo vilikuwa pembeni, kimoja kimefungwa kamba. Mtaalamu alipitisha kitambaa kwenye sakafu kando ya godoro kikatoka cha kijivu, kama kimefuta jiko. Alipomwambia dada, "Karibu ndani, mama, ushuhudie," dada alibaki kizingitini, mikono ameifunga nyuma. "Nitashuhudia kutoka hapa," alisema. "Mikono yangu siiamini."

Vumbi lile lilikutwa na risasi mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa, na mchanganyiko wake ulikuwa ule ule uliokutwa kwenye tanuri. Mahakamani niliulizwa kama ni mimi niliyeliingiza ndani. Nikasema ni mimi. Mwanasheria akasema, "Kwa hiyo unakiri wewe ndiye uliyemdhuru mwanao." Nikasema najua hivyo kila siku. Jaji akaniuliza kama kiwandani tulikuwa na mahali pa kuoga. Nikamwambia palikuwa na bomba moja, mheshimiwa, la kuoshea gari la meneja, na sisi tulikatazwa kuligusa. Akaandika. Nikashuka.

Baada ya hapo ilichukua mwaka mmoja na miezi minane. Hukumu ilitolewa Jumatano tarehe 14 Novemba 2018, nayo ilikuwa upande wa watoto. Watu walibebana nje ya mahakama. Dada hakubebwa, alikwenda masjala kuomba nakala. Jioni ile alimpelekea bibi muuza mkaa habari, na bibi akamwambia, "Sasa naweza kuacha vumbi?" Walicheka mpaka wakalia. Lakini kuhusu ile ndoo dada hakujisamehe. Mara nyingi aliniambia kwamba watoto sitini na mmoja wamebebwa na mtoto ambaye hata jina lake halimo kwenye faili.

Kiwanda kilikata rufaa, na utekelezaji wa hukumu ukasimamishwa. Hakuna dawa iliyotoka, na udongo haukuchimbwa. Kati ya wale watoto sitini na mmoja, wanne wameshafariki, na dada alikuwepo kwenye mazishi ya wote wanne. Familia nyingi zilihama kwa kuogopa ule udongo, zikatawanyika.

Dada yetu alianza kuugua figo mwaka 2020. Kuanzia Machi 2022 alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Alikwenda na mafaili yake, akayapanga juu ya blanketi wakati mashine inafanya kazi. Muuguzi mmoja alimwambia, "Mama, hapa ni wodi au masjala?" Akajibu, "Masjala viti vyake ni vibaya zaidi." Watu wamekuwa wakisema kwamba na yeye ni lile vumbi. Nilimwuliza kama niandike hivyo. Akasema, "Kuna kipimo?" Nikasema hakuna. "Basi usiandike." Sijaandika.

Tarehe 16 Januari mwaka huu 2023 mahakama ya rufaa ilitoa amri. Upande wa kiwanda ulikuwa umedai kwamba wazazi hawakuridhia kila mmoja kwa nafsi yake kushtaki. Mahakama ikasema kila mzazi au mlezi alete hati ya kiapo aliyoitia sahihi mwenyewe, mbele ya kamishna wa viapo, isipite Ijumaa tarehe 19 Mei. Mtoto ambaye hati yake haitakuwepo siku hiyo ataondolewa kwenye orodha, na hukumu ikithibitishwa haitamhusu. Watoto waliobaki ni hamsini na saba. Dada alipiga hati zote hamsini na saba kwa mkono wake, kila moja nakala tatu, nyingine akiwa amelala ubavu. Aliandika barua, alipiga simu, alituma watu. Wengine walibadili namba, wengine walisema watakuja na hawakuja, na wengine walishachoka. Hakuwalaumu. Kufikia mwisho wa Aprili walikuwa wamefika thelathini na wanane.

Jumapili tarehe 30 Aprili aliniambia nisogeze kiti.

"Nikifa watakuja?"

"Dada, maneno gani hayo."

"Nimekuuliza swali."

"Watakuja."

"Na wale waliohama?"

"Msiba wako nani atakosa, dada?"

Akasema, "Basi weka meza pale makaburini. Barua hazikuwakusanya, mimi nitawakusanya. Na iwe kabla ya chakula. Watu wakishakula wanaondoka."

Nilimwambia huo si utaratibu wa msiba. Akasema, "Msiba ni wangu."

Hali yake ilibadilika Jumanne tarehe 9 Mei. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Mei 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, katika wodi namba nne ya hospitali kuu, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Jioni iliyotangulia aliuliza, "Wangapi?" Nikamwambia arobaini na mmoja. Hakuuliza kitu kingine.

Marehemu ameacha watoto wawili, binti yake ambaye ni mwalimu na mwanawe ambaye ni fundi wa kuchomelea, wajukuu wanne, kaka yetu mkubwa, dada yetu wa nne kuzaliwa, mimi na mke wangu ambaye alimwita wifi. Ndugu yetu wa tatu alimtangulia mwaka 2001. Familia inawashukuru wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, majirani waliokesha nasi, na wakili wetu.

Sasa nasema alichoniagiza kusema, na nikimaliza nitakaa chini.

Wazazi na walezi wa watoto kumi na sita bado hawajaapa. Zimebaki siku sita. Orodha ninayo mfukoni na sitaisoma, kwa sababu alinikataza kumwaibisha mtu msibani kwake. Kila mmoja anajijua, na wengi wenu nawaona. Meza iko pale kushoto kwa lango, yenye kitambaa cheupe. Aliyekaa pale ni kamishna wa viapo, hahusiki na kesi hii upande wowote. Hati zimeshapigwa chapa zote, umebaki mkono wako tu. Asiyesoma atasomewa polepole mpaka aelewe. Asiyeandika kuna wino wa dole gumba. Asiyekuja na kitambulisho, binti wa marehemu ana nakala yake ndani ya bahasha. Ukimwona hapa jirani wa zamani anayesitasita, msindikize. Kama unajua mmoja alipohamia na leo hakufika, usiondoke kabla hujamwambia wakili.

Chakula kitafuata baada ya hapo. Jeneza pia litasubiri. Aliagiza asishushwe mpaka wa mwisho kati ya mliopo awe ametia sahihi, akasema yeye siku hiyo hatakuwa na haraka. Mkiinuka mezani, tutamshusha dada yetu, naye apumzike.